Jinsi ya kukaa Conques, kijiji kidogo cha Ufaransa, usiishie kupiga picha tu

Wageni wengi wakifika Conques wanakaa masaa mawili. Wanashuka kwenye basi, picha ya kanisa, koni ya aiskrimu, haooo wameondoka. Na mi mara ya kwanza nilifanya hivohivo, nikarudi nyumbani sijaona kitu. Kwa hiyo kama uko Ulaya au umekuja kutembelea ndugu na una wikendi ya kuchezea, kikubwa ninachokwambia ni kulala hapo, hata usiku mmoja tu.

Kufika kwanza. Ni kusini mwa Ufaransa, mkoa wa Aveyron, mji wa karibu ni Rodez kama kilomita 40 hivi. Treni inakufikisha Rodez bila shida, kasheshe inaanzia hapo maana mabasi ni ya kuvizia, ukipata gari la kukodi au mtu wa kuchangia nae mafuta usilaze damu. Magari ya wageni hayaingii ndani, unapaki nje unalipia afu unatembea. Vaa raba! njia zote ni mawe na ni mteremko mkali, nimeshaona dada wa watu kavaa mchuchumio anashuka kinyumenyume kashikilia ukuta.

Kabla hujaingia, simama mbali kidogo uangalie kijiji kilivokaa. Kamto ka Ouche kanashuka kuingia mto Dourdou, na nyumba zimejibana juu ya hapo kwenye ubavu wa bonde, inasemekana hata jina limetoka kwenye neno la Kilatini la kombe la baharini kwa jinsi bonde lilivobonyea. Mapaa si bati wala vigae, ni vipande vya mawe bapa, wenyewe wanaita lauze. Sehemu tambarare ya kulima hamna, ndo maana zamani msosi wa kila siku wa watu wa huku ulikuwa châtaigne, zile mbegu zinazokaa kwenye ganda la miiba, wanakausha kwa moshi wanakula msimu mzima wa baridi, mti wenyewe waliuita mti wa mkate.

Sasa utajiuliza, kijiji cha watu hawafiki hata 300 kimepataje kanisa kubwa namna hii? Jibu ni wizi. Serious. Kulikuwa na binti wa mji wa Agen, Sainte Foy, aliuawa na Warumi kwa ajili ya imani yake karibu mwaka 303, kama miaka 12 tu. Watawa wa Conques walikuwa maskini na hawana mtakatifu wa kuvuta watu, basi simulizi inasema mmoja wao akaenda Agen akajifanya mwenzao, akakaa miaka kama kumi mpaka akaaminiwa kulinda kaburi, afu kwenye 866 hivi akabeba mifupa usiku akatokomea nayo. Mahujaji wakahamia Conques, na kijiji kikawa kituo kwenye njia ya kwenda Santiago de Compostela kule Hispania. Kanisa la sasa lilianza kujengwa katikati ya karne ya 11.

Lipa kiingilio cha hazina, yaani chumba kinachotunza vitu vya thamani vya kanisa, uione sanamu yenyewe ya Sainte Foy. Ni ndogo, sentimita 85, mbao iliyovikwa dhahabu na vito vilivoletwa na mahujaji. Uso ndo kituko, waliutoa kwenye sanamu ya zamani zaidi ya Kirumi, kwa hiyo binti wa miaka 12 ana sura ya mzee wa kiume anayekutolea macho kama mama mwenye nyumba tarehe ya kodi. Na unajua kwa nini bado ipo? Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, serikali ilipokuwa inakusanya dhahabu za makanisa iyeyushe, wanakijiji waligawana vitu wakavificha, mambo yalipotulia wakavirudisha. Kuna nchi nzima zingeshindwa mtihani huo, tuishie hapo.

Mlango mkuu wa kanisa upe nusu saa. Juu yake kuna Siku ya Hukumu imechongwa kwenye jiwe, watu 124, na bado kuna mabaki ya rangi. Peponi ni kushoto kwako, wamepangana kwa adabu kama picha ya harusi, wala usikae sana. Nenda kulia, motoni. Kuna sungura anamchoma mwindaji kama mshkaki, mwingine kaning'inizwa na kifuko cha hela shingoni, mwingine anang'olewa ulimi. Afu inua macho kwenye ukingo wa duara, utaona vichwa vidogo vinachungulia, vidole vimeshika ukingo kama majirani wanaochungulia ugomvi juu ya ukuta. Mi ndo ninaowapenda kuliko wote.

Ndani kuna madirisha 104 ya Pierre Soulages, mchoraji aliyezaliwa Rodez 1919. Yalikamilika 1994 na wapo waliolalamika sana maana hayana picha ya mtakatifu hata mmoja, hayana hata rangi, ni vioo vyeupevyeupe na mistari myeusi. Usihukumu kwa kuingia mara moja. Ingia asubuhi, rudi jioni, mwanga ukibadilika, kioo kilekile kilichokuwa na ubluu utakikuta kimegeuka rangi ya chungwa.

Kuishi na wenyeji sasa. Sheria namba moja ya kijiji chochote Ufaransa ni bonjour, salamu yao. Kuna kijiji kingine niliingia duka la mikate nikasema tu naomba baguette moja, mama akanitazama akasema "Bonjour, monsieur." Nikarudia ombi langu nikidhani hajasikia. Na yeye akarudia, polepole zaidi, mkono haujagusa mkate. Ndo nikashtuka, kumbe nimeingia kwa mtu bila hodi! Tangu siku hiyo hata kama dukani kuna watu watano nawasalimia wote, na nikitoka naaga.

La pili ni muda. Saa sita mchana kijiji kinakula, ukija saa nane na nusu unataka chakula cha moto imekula kwako. Uliza jana yake duka la mikate linafunga siku gani, Jumatatu ni ya kuogopa. Ukibahatika agiza aligot, viazi vilivopondwa na jibini mbichi mpaka vinavutika kama ubuyu wa kamba, na Roquefort, lile jibini lenye ukungu wa bluu, linatoka mkoa huuhuu (mi bado linanishinda, harufu tu). Wanaokunywa waulize mvinyo mwekundu wa Marcillac, mashamba yake hayako mbali.

Ukipita vijiji vya jirani tafuta nguzo ya majina ya waliokufa vita ya 1914 hadi 1918, ipo karibu kila mahali. Soma majina ya ukoo, utakuta moja limejirudia mara mbili, tatu. Afu angalia nyumba zilizobaki hapo uhesabu mwenyewe.

Jioni mabasi yakishaondoka ndo Conques inakuwa Conques. Msimu wa wageni kuna bruda anatoka kuelezea ule mlango, na anachekesha hata kama Kifaransa chako ni cha kuombea maji, baadaye kinanda kinapigwa ndani ya kanisa na unaruhusiwa kupanda ghorofani kusikilizia. Wenzako watakuwa mahujaji wanaotembea kwa miguu kutoka mji wa Le Puy-en-Velay, karibu kilomita 200, wanachechemea kwenye ngazi.

Asubuhi ondoka nao kidogo. Shuka mpaka daraja la zamani la Dourdou, vuka, panda kale kanjia ka msituni mpaka kwenye kikanisa kadogo ka Sainte Foy. Beba maji, mlima ule hauna huruma. Hapo kuna kengele, kila anayepita anaivuta, na mlio unavuka bonde hadi kijijini, kwa hiyo ukiivuta wale uliokunywa nao kahawa watajua umefika juu.