Kipande chako cha muziki wa chemba: nani atakipiga, huko uliko na hapa Moshi

Mtu akikuvuta chemba, ana neno ambalo halihitaji watu wengi. Muziki wa chemba ni hivyohivyo: watu wawili, wanne, labda wanane, kila mmoja na sauti yake peke yake bila mwenzake wa kumfichia makosa, kwa kawaida hakuna kondakta wa kuwaongoza kwa mkono, na wasikilizaji wamekaa karibu kiasi cha kusikia mpigaji akivuta pumzi. (Najua, mtaani chemba ni ile ya maji taka. Nilipomweleza mama mkubwa kule Mwika kwamba natunga muziki wa chemba, aliniuliza kama masomo yamenishinda.)

Nawaandikia wenzangu mlioko Ujerumani, Uingereza, Marekani na kwingineko, mnaosoma muziki au mnaotunga usiku baada ya zamu, na kwenye kompyuta mna vipande vitano ambavyo havijawahi kupigwa na binadamu. Nilikaa Ujerumani miaka sita nikiwa hivyo. Kosa langu lilikuwa kudhani nafasi zote ziko kwenye mashindano. Kipande changu cha kwanza kilipigwa na watu wanne niliokuwa nakula nao kantini.

Mashindano, tuyamalize kwanza

Yapo, na mengine ni ya heshima kubwa. Chama cha kimataifa cha muziki mpya, ISCM, kilichoanzishwa Salzburg mwaka 1922, hufanya tamasha lake kila mara katika nchi tofauti na huita watunzi walete kazi kulingana na ala zitakazokuwepo. Mwaka 2023 lilifanyika Afrika Kusini, mara ya kwanza kufika barani kwetu. Utrecht, Uholanzi, kuna tuzo ya Gaudeamus, ya watunzi vijana. Darmstadt, Ujerumani, kuna kozi za kiangazi zilizoanza mwaka 1946, ambako utakutana na wapigaji waliojitolea kwa muziki mpya. Uingereza kuna shirika la Sound and Music, linalosaidia watunzi wanaochipukia.

Soma masharti ya umri, uraia na makazi kabla ya kuandika nota hata moja. Shindano la vijana la ASCAP, chama cha haki za watunzi cha Marekani, kwa mfano, si la raia peke yao. Wenye ukaazi wa kudumu na wanafunzi wenye viza ya masomo wameingizwa pia. Maana yake binamu aliyeko chuoni Ohio anaweza kujaribu, wewe uliyeko Arusha huwezi, hata kama kipande chako ni bora. Wakisema jina lisionekane, lisionekane popote. Mimi nililifuta kwenye jalada nikalisahau chini ya kila ukurasa, na ada ikaenda. Nikishaona ada inakaribia bei ya tiketi ya basi kutoka Dar hadi Moshi, sasa naacha.

Uingereza pia kuna CoMA, ambayo naipenda kuliko hayo yote. Ni mtandao wa vikundi vya wapigaji wasiolipwa: walimu, wauguzi, wastaafu. Muziki wao mwingi huandikwa bila kufunga ala: sauti ya juu inaweza kupigwa na fidla, filimbi au klarineti, yeyote aliyefika siku ile. Aliyekulia kwenye kwaya ya usharika anaelewa hali hiyo bila kuelezwa. Ukijifunza kuandika hivyo, utakuja kunishukuru nikifika kwenye habari za Moshi.

Tafuta mtu mwenye shida

Wapigaji wanafunzi wana shida ambayo mtunzi anaweza kuitatua. Kila mwanafunzi wa chuo cha muziki lazima apige onyesho la mtihani, na mara nyingi anatakiwa kuweka humo kazi mpya au kazi ya mtunzi aliye hai. Anaitafuta. Wewe uko ghorofa ya pili na hajui.

Usianze na kwarteti ya nyuzi (fidla mbili, viola ambayo ni fidla kubwa kidogo, na selo), hata kama moyo unaitaka. Foleni yake ni ndefu mno: Haydn peke yake aliacha kwarteti 68, Beethoven 16, na wapigaji wanataka kumaliza hizo kabla ya kuja kwako. Nenda kwa mwenye njaa. Mpiga tuba, viola au besi kubwa ana kazi chache za kuchagua. Wapiga marimba wana hali hiyohiyo, kwa kuwa muziki wao mwingi wa kuandikwa ni wa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwandikie mmoja wao kipande cha dakika sita hadi nane pamoja na rafiki yake, na anaweza kukipiga mara tatu: kwenye mtihani, kwenye onyesho la mchana kanisani, na nyumbani kwao. Makanisa mengi ya miji ya Uingereza na Ujerumani huwa na maonyesho ya bure ya mchana, na anayeyapanga huwa anahangaika kujaza tarehe. Mwandikie barua fupi, ukiwa na wapigaji wako tayari. Mtunzi asiye na wapigaji ni mzigo kwake.

Kuhusu lugha ya muziki wenyewe nina neno moja tu. Justinian Tamusuza wa Uganda aliandika kwarteti ya nyuzi yenye midundo ya Kiganda ndani yake, na Kronos Quartet, kwarteti ya nyuzi ya Marekani, wakairekodi kwenye albamu yao ya mwaka 1992. Haikuhitaji kujifanya ya Vienna, mji wa akina Haydn na Beethoven. Kronos haohao baadaye waliagiza kazi 50 mahususi kwa ajili ya kwarteti changa na kuziweka nota zake bure mtandaoni. Zichukue, utazame jinsi karatasi ya kila mpigaji ilivyopangwa.

Maana karatasi ndiyo inayofukuza watu. Mpigaji wa selo hana mkono wa tatu wa kugeuza ukurasa. Kwenye onyesho langu la kwanza selo ilinyamaza paa mbili (paa ni kile kipande cha nota kati ya mstari wima na mwingine), kwa sababu nilimwekea ukurasa ugeuke katikati ya mstari wa haraka, na watu wakadhani ni ufundi. Weka mapumziko mwisho wa ukurasa. Weka namba za paa. Mtu akinyamaza paa 20, mwandikie kwa nota ndogo anachokisikia kwa mwenzake ili ajue pa kuingilia. Ukipeleka Marekani, panga upya kurasa zako, kwani karatasi yao si A4. Kama bado unatumia Finale, programu ya kuandikia nota, jua kwamba watengenezaji walitangaza kuisitisha mwaka 2024. MuseScore ni bure na inatosha kabisa kwa kazi hii.

Sasa Moshi

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanarudi likizo na kwarteti ya nyuzi mkobani, wanaulizia wapiga viola mjini, wanaambiwa hakuna, wanaondoka wakisema nyumbani hakuna muziki wa chemba. Upo. Umeshika tarumbeta.

Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na Walutheri wa Kijerumani wana desturi yao ya kupiga tenzi kwa ala za shaba, sauti nne. Desturi hiyo imeota mizizi mlimani. Pita Machame, Marangu au Mwika Jumapili asubuhi utaisikia kabla hujaona kanisa. Watu wanne wenye tarumbeta mbili, honi na tromboni, kila mmoja na sauti yake, hakuna umeme unaohitajika: hiyo ni kwarteti. Kinachokosekana ni muziki ulioandikwa kwa ajili yao zaidi ya tenzi, nyimbo za harusi na za mazishi.

Na walioko Ujerumani mna bahati ambayo wengi hawaioni. Vikundi vya namna hiyohiyo viko kwenye sharika za miji midogo kila upande, vinapokea wanaoanza, na mara nyingi hukopesha ala. Ingia. Andika kipande kimoja kwa kikundi chako cha huko, kipigwe Novemba, kisha kipande hichohicho uje nacho Moshi Desemba. Sharika nyingi za huku zina undugu na sharika za kule, kwa hiyo mchungaji wako wa huko anaweza kukuandikia barua ya utambulisho. Barua hiyo hufungua mlango kuliko shahada.

Mambo ya kuuliza kabla hujaandika. Kwanza, tarumbeta zao zinasoma nota jinsi zinavyosikika, au zinasoma zilizoandikwa juu kuliko zinavyosikika, kama za bendi ya jeshi? Vikundi vya kanisa vya Ujerumani husoma jinsi zinavyosikika. Ukikosea hapo, mazoezi ya kwanza yatakuwa vita. Pili, je, wote wanasoma nota za mistari, au kuna wanaotegemea do-re-mi na sikio? Tatu, kuna ala ngapi zinazofanya kazi sasa hivi, siyo zilizoko kabatini? Valvu iliyokwama Mwika haitengenezwi kwa siku mbili. Halafu kumbuka mdomo ni nyama: mpigaji aliyezoea ubeti wa tenzi na kupumzika hawezi kukaa juu dakika saba mfululizo. Gawa mapumziko kwa zamu.

Mtu wa kumwendea ni mwalimu wa kikundi, na anaendewa kwa adabu. Usimtumie faili kimyakimya. Mpigie simu, au kama ni ujumbe, uwe hivi: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtoto wa fulani wa Mwika, niko masomoni Ujerumani. Nimeandika kipande kifupi cha sauti nne kwa tarumbeta. Ningeomba ushauri wako kama kinafaa kwa kikundi, na kama utaona vema, nije mazoezini nikiwa nyumbani." Nimeandika ushauri kwa makusudi. Mwalimu akibadilisha besi yako paa mbili, acha ibadilike. Anajua pumzi za watu wake.

Desemba ina raha na balaa lake. Wachagga wote wanarudi mlimani, kwa hiyo wasikilizaji utawapata bila tangazo. Lakini ndio mwezi wa harusi, kipaimara na Krismasi, na kikundi hichohicho kinatakiwa sehemu tatu kwa siku moja. Siku nzuri, kwa uzoefu wangu, ni kati ya tarehe 27 na 30, saa kumi jioni. Na omba mvua za vuli ziwe zimekwisha, kwa sababu chini ya bati hakuna ala inayoshinda mvua. Nauli, chai na posho ya wapigaji viwe kwenye bajeti yako tangu mwanzo. "Ni sadaka" ni neno la kusema mwenye tarumbeta, si wewe.

Ukitaka ala nyingine, shuka njia ya Arusha. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River, kinafundisha muziki kwa ngazi ya shahada, na wanafunzi ni wanafunzi kokote: wanahitaji vipande. Mjini Arusha, Alliance Française, kituo cha utamaduni wa Kifaransa, ni mlango wa kugonga kama maneno au mtindo wa kazi yako si wa kanisani. Kuwa mwangalifu na piano. Kinanda cha umeme utakipata kila kona, piano iliyotyuniwa ni bahati nasibu. Nilijifunza kuandika bila piano, na nadhani muziki wangu umenufaika.

Karatasi za ofisi

Ukija na wenzako wa kigeni kupiga mbele ya watu, hasa kwa kiingilio, waulize BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na Uhamiaji miezi kadhaa kabla kuhusu vibali, maana viza ya utalii ni ya utalii.

Ukitumia mashairi, angalia haki. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840 na utenzi wa Mwana Kupona ni wa 1858, kazi hizo ni huru kutumia. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Sheria ya Tanzania huhesabu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, lakini Ujerumani na Uingereza huhesabu 70, hivyo kinachopigwa Moshi bila tatizo kinaweza kuhitaji maelezo Leipzig. Mwandikie mchapishaji.

Haki zako nazo zisajili, kwa chama kimoja tu kinachokusanya malipo ya watunzi: GEMA cha Ujerumani, PRS cha Uingereza au kingine cha nchi unayoishi. Kama makazi yako ni huku, waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni chama kipi. Baada ya kila onyesho peleka orodha ya vipande vilivyopigwa. Malipo ni madogo, lakini mara yangu ya kwanza yalitosha kununua mafuta ya valvu kwa kikundi kizima.

Kwa Desemba, hesabu kurudi nyuma hivi. Simu kwa mwalimu iwe Juni. Nota zifike Septemba, zikiwa zimechapishwa kwenye karatasi, kwa sababu simu ya mpiga tromboni itaishiwa chaji katikati ya paa. Chapisha nakala mbili mbili za kila sauti, na tatu za besi. Karatasi ya besi ndiyo hupotea, sijui kwa nini, kila mwaka.