Jinsi ya kuhesabu nyuzi kwenye seli ya Purkinje bila kujidanganya

Wale mnaoanza maabara, iko hivi: kapanya kakizaliwa, kila seli ya Purkinje (seli kubwa ya neva) kwenye serebelamu, ile sehemu ya nyuma ya ubongo, inashikwa na nyuzi kadhaa za neva zinazopanda kutoka shina la ubongo, zinagombania, ila kakifika kama wiki 3 hivi unabaki mmoja tu. Mwamuzi ni umeme wenyewe, uzi unaoisisimua seli kwa nguvu na kuingiza kalsiamu nyingi ndo unabaki.

Sasa kuhesabu. Kata kipande cha ubongo, kama mikromita 250, kiweke kwenye maji ya chumvi yenye oksijeni, shika Purkinje moja kwa elektrodi ya kioo afu kwa elektrodi nyingine, ya kusisimua, piga umeme kidogo pembeni ukiongeza taratibu. Jibu la seli (umeme unaousoma kwenye elektrodi ya kioo) likipanda kwa ngazi, hesabu ngazi: 3 ni nyuzi 3. Sogeza elektrodi ya kusisimua sehemu nyingi, usiwe mvivu, hapa ndo rahisi kuhesabu pungufu. Likipanda laini kama mlima bila ngazi hizo ni nyuzi sambamba, aina nyingine ya nyuzi zinazoifikia seli hiyo. Unabisha? Piga mara mbili haraka: kwa uzi unaopanda jibu la pili linapungua, kwa sambamba linaongezeka.