Somo: Anza na ngama. Kutunza chombo cha matanga unachoishi ndani yake

Kazi za msimu, kama kupaka rangi ya chini au kushusha mlingoti, zina somo lake. Hapa nazungumza na mtu anayelala, anayepika na kuanika nguo humo humo chomboni. Mtu huyu ana faida moja: chombo chake anakisikia. Pampu ikiwaka usiku wa manane, atajua. Ana na hasara yake: anakizoea. Harufu ya dizeli aliyoisikia Jumatatu, kufika Ijumaa haimsumbui tena. Ndiyo maana nafuata utaratibu ule ule kila asubuhi, na nafuata kitu kimoja kwanza: maji. Yameingilia wapi, yamelala wapi.

Hatua ya 1: Ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapokusanyika), kabla hujanawa uso

Inua ubao wa sakafu, mulika tochi. Kabla ya kufua maji, yaani kuyatoa chomboni, jua kwanza ni maji gani. Mimi huchovya kidole nikaonja. Ya chumvi yametoka nje: valvu (koki ya tundu lililo chini ya maji), pakingi ya shafti (kizuia maji pale mhimili wa rafadha unapotokea nje), au mpira wa maji uliopasuka. Yasiyo na chumvi ni ya tangi lako au ya mvua iliyopenya sitaha, sakafu ya juu ya chombo.

Watu huogopa ya chumvi, na wana haki, kwa kuwa ndiyo yanayozamisha. Lakini yanayoozesha mbao ni ya mvua; kuvu wa kuozesha hawastawi kwenye chumvi. Nilidhani hilo halinihusu kwa sababu chombo changu ni cha faiba. Kumbe sitaha nyingi za faiba zina mbao katikati, kama nyama ndani ya mkate. Skrubu moja iliyolegea ilikuwa imenywesha mvua misimu kadhaa, nami nikaja kuuchota ubao kwa kijiko.

Ukishajua, kausha kwa sponji hadi pawe pakavu kabisa. Ngama kavu ndiyo inayosema. Yenye maji ya jana huwezi kuiuliza kitu. Kisha inua kielea cha pampu kwa mkono usikie ikiwaka, na uondoe nywele na vipande vya karatasi kwenye chujio lake.

Hatua ya 2: Matundu yaliyo chini ya maji

Hii si ya kila siku, mara moja kwa wiki yatosha. Funga na ufungue kila valvu. Isiyozungushwa hukwama, nawe utaijua siku unayoihitaji. Pitisha vidole chini ya klipu za mpira, maana kutu huanzia upande usiouona. Kila mwisho wa mpira uwe na klipu 2, na kila valvu iwe na kizibo cha mti laini kimefungwa kwa uzi hapo hapo, si kwenye sanduku la vifaa.

Piga hesabu uone kwa nini. Tundu la upana wa sentimita 4, likiwa nusu mita chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Pampu iliyoandikwa lita 2,000 kwa saa hutoa 33 kwa dakika, tena hizo ni za kwenye karatasi.

Hatua ya 3: Injini, hata kama husafiri

Pima oili, bonyeza mkanda, fungua koki ya filta ya dizeli uachie kidogo kwenye chupa angavu. Maji yakiwemo yatakaa chini. Tangi lililo nusu tupu hutoa jasho ndani, basi lijaze.

Ukiwasha, kimbia nyuma ukachungulie ekzosi. Kwenye injini inayopozwa kwa maji ya bahari, yasipotoka upesi, zima. Huenda valvu umeisahau imefungwa, au impela, gurudumu la mpira linalosukuma maji hayo, imekatika mabawa. Pakingi ya aina ya zamani inatakiwa kudondosha matone machache shafti inapozunguka. Ukiikaza hadi iwe kavu, utaunguza shafti.

Hatua ya 4: Betri

Pima alfajiri, kabla jua halijagusa paneli na vifaa vyote vikiwa vimezimwa. Kwa betri za risasi na asidi, volti 12.7 ni kujaa, 12.2 ni karibu nusu. Ukizoea kushuka chini ya hapo, unazila. Za lithiamu usizihukumu kwa volti.

Hatua ya 5: Juu

Pitisha tishu kwenye nyaya za mlingoti. Ikinasa, uzi mmoja wa waya umekatika. Usitumie mkono mtupu. Kwenye winchi, kifaa cha kukazia kamba, gia hupewa grisi kidogo, lakini vijino vya kuzuia hupewa mafuta mepesi tu. Grisi huvigandisha, na winchi itakurudia mkononi ikiwa na mzigo.

Maswali ya wanachama

*Nina pampu mbili zinazojiwasha zenyewe. Ya nini kuinama kila asubuhi?*

Kwa sababu pampu nzuri huficha uvujaji hadi siku betri itakapokwisha. Funga kaunta inayohesabu mara ngapi imewaka. Ikitoka 2 kwa siku hadi 9, una kazi.

*Valvu yangu imekwama nusu. Niigonge na nyundo?*

Hapana! Ikiwa ni shaba nyeupe (shaba iliyochanganywa na zinki) iliyoliwa na bahari, itakatika. Ikwangue kidogo: ukiona rangi ya waridi, zinki imeshatoka, imebaki maganda. Ngoja chombo kitolewe majini. Kizibo kiwe karibu.

*Zinki zangu, vile vipande vinavyoliwa na bahari badala ya vyuma vya chombo, zilikuwa zikidumu mwaka. Tangu nijiunge na umeme wa gatini zimeisha kwa miezi michache.*

Waya wa ardhi wa gatini unakuunganisha na majirani wote, kwa hiyo huenda zinki zako zinawalinda na wao. Uliza fundi umeme wa vyombo akufungie kitenganishi cha galvani, kifaa kinachozuia mkondo huo mdogo wa umeme unaokula zinki. Badilisha zinki zikifika nusu, usisubiri ziishe. Na kamwe usiikate waya ya ardhi. Hiyo ndiyo inayolinda maisha yako.

*Godoro langu lina unyevu chini, lakini sitaha haivuji.*

Ni pumzi yako mwenyewe. Mvuke wake unakutana na ubavu baridi wa chombo na kugeuka maji. Inua godoro kwa fremu ya mbao ili hewa ipite, na upikapo fungua kidirisha.

*Umesema tuonje maji ya ngama. Je, kipozea cha injini kikiwa kimevuja?*

Umenishika. Kipozea cha kawaida ni kitamu mdomoni na ni sumu, na hatua ya 1 niliiandika kwa mazoea. Fanya hivi: dondosha tone kwenye kioo, liache likauke juani. Chumvi itabaki nyeupe. Likibaki la kunata au lenye rangi, angalia kiwango cha kipozea kabla hujawasha injini.