Mbwa mdogo anaharisha na kutapika: namna ya kujua kimemsibu nini kabla hujakimbilia dawa

Huku kwetu Mtwara na Lindi mbwa akianza kuharisha cha kwanza watu wanachokimbilia ni Flagyl, wanavunja kidonge wanamshindilia, kesho akiamka mzima wanasema dawa kali hiyo, akifa wanasema jirani kamuwekea sumu. Alichoumwa hakuna anayekijua. Sasa kwa mbwa mkubwa unaweza ukabahatisha akapona, ila hawa wadogo wa kilo mbili tatu, au mtoto yeyote wa mbwa hata wa kienyeji, akiharisha usiku kucha asubuhi unamkuta hasimami, maji yameisha mwilini. Kwa hiyo hapa naongelea upelelezi, dozi mwachie daktari wa mifugo.

Kabla hujamgusa mdomo mwangalie kwa mbali kwanza. Kama anadondosha mate, anashindwa kumeza, mlio umebadilika, amekuwa mkali ghafla au amepooza taya, usiingize mkono kutafuta mfupa uliokwama, kichaa cha mbwa nacho huanza hivyo na watu wengi wameumwa wakidhani wanatoa mfupa. Mfungie, piga simu kwa bwana mifugo. Kama hana hayo, funua mdomo ubonyeze ufizi kwa kidole mpaka pawe peupe halafu achia, rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde 2. Vuta ngozi juu ya mabega, ikichelewa kurudi ujue kakaukiwa. Ufizi umepauka, anatapika hata maji, tumbo limevimba na ukiligusa analia, kuna damu, anayumba, hapo acha kusoma tafuta bodaboda. Joto lake la kawaida ni kama 38 mpaka 39.2 kwahiyo ukipima ukakuta 38.7 usianze kusema ana homa.

Akiwa na nafuu kidogo, swali la kwanza ni umri na chanjo. Chini ya miezi 6 na chanjo hazijakamilika, parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo, iwe ya kwanza kichwani mwako, na muuzaji akikwambia "kashachanjwa" muulize mara ngapi, maana sindano moja haitoshi, inaanza wiki ya 6 mpaka ya 8 halafu inarudiwa kila wiki 3 au 4 hadi afike wiki 16. Hawa wanaoletwa na basi kutoka Dar ndo balaa. Akiharisha siku ile ile au kesho yake inaweza kuwa safari tu na chakula kigeni, ila akicheza vizuri siku kadhaa halafu akanyong'onyea, akakataa kula, akaanza kutapika kisha kuharisha damu yenye harufu mbaya kweli kweli, huyo inawezekana alikuja nayo, kirusi hukaa mwilini siku 3 hadi 7 au zaidi kidogo kabla hajaonyesha. Kuna kipimo cha haraka cha kinyesi, uliza kama wanacho. Hakuna kidonge kinachoua kirusi chenyewe, wanaopona wengi wanaponea kwenye dripu na uangalizi, kwahiyo kuchelewa ndo kunakoua.

Minyoo sasa. Watu wanabisha "mbwa wangu hatoki nje atapata wapi minyoo", anaipata tumboni kwa mama yake na kwenye maziwa. Tumbo kubwa, mbavu zinaonekana, manyoya yamekufa, hiyo ni minyoo mviringo. Safura yenyewe inanyonya damu, kinyesi kinakuwa cheusi cha kunata na ufizi mweupe, na mtoto mdogo wa mbwa inamuua kabisa. Ukiona vitu vinavyofanana na punje za mchele kwenye mkundu au anapolala, hiyo ni tegu na mara nyingi maana yake ana viroboto, hata ukimpa dawa ya minyoo bila kuondoa viroboto itarudi tu. Ila usipoona kitu usiseme hana, mayai yanaonekana kwa darubini. Watoto wa mbwa wapewe dawa kuanzia wiki ya 2, irudiwe kila wiki 2 mpaka wiki ya 8 hivi, na dozi ni kwa uzito, sio kwa kukadiria na macho.

Halafu kinyesi chenyewe, usione kinyaa, piga picha. Kingi, cha maji, mara chache kwa siku, na mbwa anakonda, shida iko utumbo mwembamba. Kidogo kidogo kila saa, anajikamua, kuna makamasi na damu nyekundu mbichi mwishoni, shida iko utumbo mpana, na hiyo mara nyingi inatisha kuliko ilivyo. Cheusi kama lami ni damu iliyoyeyuka juu huko, usiipuuze. Kutapika nako kuna namna mbili: akiminya tumbo kwa nguvu kabla ya kutoa, huko ni kutapika, ila chakula kikirudi chenyewe bila kujikamua dakika chache baada ya kula, hakijafika tumboni, tatizo ni koo. Mweleze daktari tofauti hiyo, itamfaa sana.

Kwenye alichokula ndo wengi wanaruka haraka, na kwa Mtwara na Lindi kalenda inakwambia mengi. Kuanzia Oktoba mabibo yanaanguka yanachachia chini, mbwa akiyala anaweza akaharisha na hata akalewa kweli, anayumba. Ganda la korosho mbichi lina yale mafuta yanayobabua mikono ya wabanguaji, kwahiyo akilitafuna angalia midomo na ulimi kama umebabuka. Korosho za kukaanga nazo watoto wanamrushia kiganja kizima, yale mafuta mengi yanaweza kuvimbisha kongosho, unamkuta anatapika, anakunja mgongo, au anashusha kifua chini makalio yakiwa juu. Nyuma kidogo, katikati ya mwaka, ni salfa na dawa za kupulizia mikorosho, kama ametoka shambani anatokwa mate, anatetemeka, anaharisha vyote kwa pamoja, beba chupa au mfuko wa dawa uende nao.

Wa pwani, Feri, Mikindani, Kilwa huko, waangalie bunju wanaotupwa ufukweni na wavuvi. Sumu yake haiondoki hata akikauka, mbwa anatapika halafu miguu inaishiwa nguvu, mwisho pumzi. Pia mshipi wenye ndoana, ukiona uzi unaning'inia mdomoni au mkunduni usiuvute hata kidogo, unaweza ukachana utumbo. Kuziba kwa utumbo huku kwetu ni gunzi la mahindi na kokwa la embe, dalili yake anatapika sana halafu choo kinapungua au kinakata kabisa.

Ya nyumbani nayapitia haraka: dagaa waliokaa, mifupa ya kuku iliyopikwa, mchuzi wenye vitunguu, maziwa ya ng'ombe kwa mtoto wa mbwa, kubadilisha chakula ghafla badala ya kuchanganya taratibu kwa wiki nzima. Na uulize nyumbani nani kampa Panadol au diklofenaki. Shangazi kaona mbwa anaumwa kamuonea huruma, nia nzuri kabisa, lakini hizo dawa zinaweza kumchoma tumbo au kumuharibu ini, wewe unahangaika kutafuta ugonjwa wa jana kumbe cha leo ni kidonge.

Akiwa mkubwa, ana chanjo, amechangamka na hana damu, unaweza kufanya jaribio mwenyewe. Siku 2 au 3 mpe wali laini na kuku wa kuchemsha bila ngozi, mifupa, chumvi wala kitunguu, kidogo kidogo mara nne tano, na maji safi. Akitulia, rudisha chakula cha zamani kimoja kimoja, kile kitakachomharibu tena ndo jibu lako. Mtoto wa mbwa usimnyime chakula, sukari inashuka anazimia, na akilegea mpake asali au sukari ya maji kwenye ufizi wakati mnaelekea kwa daktari.

Isipotulia, chukua kinyesi kibichi cha siku hiyo kwenye kikopo safi chenye mfuniko, kisikae juani, na uende na karatasi: umri, chanjo, dawa ya minyoo ya mwisho, alichokula, kipi kilianza kati ya kutapika na kuharisha, kupe wapo au hawapo. Maabara ya mifugo ya serikali, TVLA, ina kituo Mtwara mjini, wa Nachingwea au Liwale anza na bwana mifugo wa kata akuelekeze. Ikitokea amekufa na una mbwa wengine, usiharakishe kuzika, uliza kwanza kama watampasua, hapo ndo mtajua kama ni sumu au ugonjwa.

Ikithibitika parvo, osha kwanza kinyesi kwa sabuni halafu mwagia Jik, sehemu 1 kwa maji 30, iache dakika 10. Udongo wa uani huwezi kuuosha ukaisha, kirusi kinakaa miezi mingi, kwahiyo mtoto mwingine wa mbwa usimlete hapo mpaka amalize chanjo zote.