Kabati la Jumanne: kupanga nguo za kazi ukiwa na watoto wadogo

Nashona nguo Sinza, Dar es Salaam, mwaka wa 14 sasa. Wateja wangu wengi ni wanawake wa kazini: manesi, walimu, wahasibu, akina dada wa kaunta za benki. Wakiingia na kitambaa kwapani, wengi huanza na maneno yaleyale: "Fundi, sina nguo kabisa." Halafu siku naitwa nyumbani kwao kupima mapazia, nalikuta kabati limejaa hadi mlango haufungi.

Kilichojaa mle ni Jumamosi. Sare ya kicheni pati, sare ya sendofu, sare ya harusi ya binamu, sare ya kikoba, gauni la ubatizo wa mtoto wa jirani. Sasa fika Jumanne saa 11 alfajiri: mmoja analia, mwingine hajaona soksi, gari la shule linapiga honi nje, na mle ndani hakuna cha kuchomoa ukavaa. Kwa hiyo tutalihamisha kabati kutoka Jumamosi kwenda Jumanne, na sehemu kubwa tutatumia vitambaa ambavyo umeshavilipia.

Hatua ya 1: Mwaga kila kitu kitandani

Chagua siku watoto wako kwa bibi yao. Toa vyote, kisha tenga mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ulivyovaa kazini ndani ya mwezi mmoja uliopita. La pili ni ulivyovaa mara moja ukumbini. La tatu ni vile unavyosubiri upungue ndipo vikuenee.

Fungu la tatu lifunge kwenye mfuko, weka chini ya kitanda, usiligombeze. Fungu la kwanza ndilo kabati lako halisi, na jiandae, huwa ni dogo. Nilipohesabu la kwangu baada ya kujifungua mtoto wa pili, nilikuta sketi 2, blauzi 4 na gauni 1. Mimi, fundi! Mganga hajigangi.

Idadi ninayowapangia wateja ni hii: sketi au suruali 3, blauzi au mashati 5, magauni 2, koti 1. Sketi 3 zikikubaliana na blauzi zote 5, umepata mipangilio 15, yaani wiki tatu za kazi bila kurudia. Magauni yale mawili ni ya siku ambazo hata kuoanisha vitu viwili ni kazi.

Hatua ya 2: Rangi za chini ziwe mbili tu

Hesabu ya 15 inavunjika mara sketi moja inapozikataa blauzi mbili. Ndiyo maana huku chini nashauri rangi mbili tulivu, kwa mfano nyeusi na damu ya mzee, au bluu ya giza na kahawia. Juu ndiko kwa kuchezea: maua, mistari, manjano ya binzari, chochote roho inapenda. Kitenge kinaweza kukaa juu au chini, ila ukikiweka juu na chini kwa pamoja, hicho si sketi na blauzi tena, ni gauni lililokatwa, na halitachangia lolote kwenye ile 15.

Kuna rangi moja huwa naikataa kwa mama anayenyonyesha hata kama ameipenda sana: kijivu cha kupauka. Tone la jasho au la maziwa linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Sateni nayo vivyo hivyo, maji yakikauka yanaacha ramani. Kitenge cha maua madogomadogo yaliyosongamana kinaficha yote mawili.

Hatua ya 3: Fumua sare

Hapa ndipo penye mali. Fungu la pili, lile la ukumbini, mara nyingi ni kitambaa kizuri kuliko unachovaa kazini, kwa sababu kamati ilichagua kwa fahari na wewe ukalipa kwa aibu. Chukua gauni moja la kitenge, mshono wa samaki, refu hadi chini. Usilikate. Lifumue.

Anza na zipu ya mgongoni, kisha mshono wa kiuno unaounganisha juu na chini. Tumia kifumulio au wembe mpya, kata uzi mmoja kila baada ya nyuzi tatu au nne, halafu vuta upande wa pili. Utatoka wote kama unavyovuta uzi wa gunia la mchele. Ndani ya kifua utakuta sponji na bitana ngumu ya kuinua matiti. Toa vyote. Ukumbini ulisimama masaa manne, ofisini unakaa masaa manane.

Sasa umebaki na vipande viwili. Cha chini kikatwe chini kidogo ya goti, hapo ambapo mkia wa samaki haujaanza kutanuka, na tayari una sketi ya solo, ile nyembamba iliyonyooka. Mkia wenyewe usiutupe: humo mnatoka mifuko miwili ya pembeni na mkanda wa kiunoni. Cha juu, mikono yake ikiwa ile ya puto, ishushe iwe ya kawaida inayoishia kwenye kiwiko, na mgongoni pasiwe na zipu tena bali vifungo mbele. Zipu ya mgongoni inahitaji mtu wa pili, na mtu wako wa pili saa hiyo anapiga mswaki.

Jambo moja ambalo fundi wako anaweza asikuambie: gauni likiwa limefuliwa na kuanikwa juani mara nyingi, kitambaa kilichojificha ndani ya mshono kina rangi kali kuliko cha nje. Ukilitanua ubavuni, utaona mstari wa giza kama kovu. Nikikutana nao nafunika kwa utepe mwembamba wa rangi moja, ubavu wa kulia na wa kushoto, watu wanadhani ndio mtindo.

Sare za lesi iachie Jumamosi yenyewe. Nimejaribu mara kadhaa kuzigeuza za ofisini na kila mara zinanukia ukumbi. Na mwenzako wa kazini akikuangalia akauliza, "Hii si ile ya harusi ya nani vile?" mjibu ndiyo, ndiyo hiyo.

Hatua ya 4: Kwa fundi, ukiwa na cha kusema

Kama bado una pengo kwenye idadi yako, nunua kitenge. Yadi 6 kwa mwenye mwili wa kati zinatoa gauni lisilo na mbwembwe, sketi ya solo na blauzi ya mikono mifupi, mradi fundi apange kabla hajakata. Kabla ya kununua omba uzi mmoja wa pembeni, uwashe kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka, inajikunja, ikipoa inakuwa kidonge kigumu. Poliesta haina dhambi, haikunjamani na haihitaji pasi sana, ila Januari ya Dar ndani ya mwendokasi uliojaa, utaikumbuka pamba.

Pamba loweka kwenye maji usiku kucha kabla ya kuileta. Mwaka wangu wa pili kazini nilimshonea mwalimu mmoja sketi nzuri ya kitenge kibichi, akaifua mara moja, ikapanda juu ya goti na kiuno kikakataa kufunga. Nilinunua kitambaa kingine kwa hela yangu. Tangu hapo nina ndoo ya kulowekea pale nje ya kibanda.

Ukifika kwa fundi, mwambie haya matatu.

Akiba ya mshono. Kawaida tunaacha nusu inchi. Omba inchi 1 ubavuni. Mwili wa mama unapanda na kushuka kwa miaka miwili mitatu, na akiba hiyo, fundi akifumua na kubakiza nusu inchi, inakupa inchi 2 nzima za kiuno bila kununua kitambaa kingine. Kwa sketi na suruali, mpira nyuma ya kiuno na mkanda wa kawaida mbele: ukisimama na shati nje, hakuna anayejua.

Mifuko. Kina cha kumeza simu yote, si cha kuishika nusu. Mkono mmoja una mtoto, mwingine una chombo cha chakula, kadi ya nauli itakaa wapi?

Kunyonyesha. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi, lakini gauni lenye zipu ya mgongoni linakulazimisha uvue nusu ya mwili ndani ya stoo. Zipu mbili za siri, moja kila upande kwenye mishono inayoshuka kutoka begani kupita kifuani, kila moja ya inchi 7 au 8, zinamaliza kazi hiyo. Shati la vifungo nalo linatosha, ila weka kishikizo kidogo cha ndani kati ya kifungo cha pili na cha tatu. Hapo ndipo hufunguka penyewe mbele ya bosi.

Kisha majaribio. Kioo kinadanganya, maana unajiangalia ukiwa umesimama wima umevuta tumbo. Mimi nina kiti cha plastiki mlangoni kwa kazi hii. Kaa: sketi imepanda hadi wapi? Chuchumaa kama unayefunga kamba za viatu vya mtoto: mgongo umebaki wazi? Nyoosha mkono juu kama unayeshika bomba la daladala: blauzi imetoka kwenye sketi, kwapa imelia? Likipita yote matatu, lipa. Mtumishi wa umma anaujua waraka wake wa mavazi, kubana na kufupisha hakutakiwi, basi kwake jaribio la kiti ndilo la kwanza.

Tarehe nayo. Nakiri kwa niaba ya wenzangu: ukisema unaitaka Ijumaa, sisi tunasikia Ijumaa jioni. Taja siku tatu kabla.

Hatua ya 5: Koti nenda Karume

Koti usishonee. Linakula muda, bitana na hela, na la mtumba zuri limeshonwa vizuri kuliko nitakavyokushonea kwa bei hiyo. Nenda Karume, soko la mitumba pale Ilala, asubuhi siku wanapofungua belo, uvae kitu chepesi ili ujaribishe juu yake. Angalia mabega kwanza. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega lako unapoishia. Mikono mirefu nafupisha, ubavu mpana napunguza, kifungo nabadilisha, lakini bega likishuka, kulirekebisha ni kulishona upya. Ligeuze ndani, liinue juani utazame kwapa: mwanga ukipenya, kitambaa kimekwisha. Pitisha zipu au vifungo vyote mwenyewe, usichukue neno la muuzaji. Rangi iwe moja ya zile mbili za hatua ya pili.

Hatua ya 6: Viatu

Jozi mbili za flati, nyeusi na kahawia. Mchuchumio, kama kazi inautaka, ulale ofisini chini ya meza. Njiani vaa raba au makubazi. Masika, mfuko wa plastiki mgumu kwenye mkoba kwa ajili ya ile jozi iliyolowa.

Hatua ya 7: Jumapili alasiri, henga sita

Piga pasi za wiki nzima kwa mkupuo mmoja, mchana, kabla umeme haujaamua vingine. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka nusu saa mfululizo inakula nusu uniti ya LUKU, na kuiwasha upya kila asubuhi kwa blauzi moja ni kupoteza muda zaidi ya umeme. Anza na pamba zikiwa na unyevu kidogo, malizia na poliesta pasi ikiwa imepoa.

Kila henga ibebe siku nzima: sketi, blauzi, mtandio au hijabu kama unavaa, na kwenye shingo ya henga kifuko chenye hereni na nguo za ndani zinazofaa blauzi hiyo. Asubuhi usichague, vuta tu. Na usiivae mapema. Kaa na dera hadi mtoto ameshakula na kucheua. Nguo ya kazi iwe kitu cha mwisho kabla ya viatu. Ukimbeba kumpeleka nje kwa dada, kanga begani. Maziwa yakishamwagika, suuza kwa maji baridi kwanza, maana ya moto yanayapikia doa ndani ya kitambaa. Doa la binzari lisugue kwa sabuni kisha lianike juani, jua lenyewe linalipunguza.

Henga tano ni za Jumatatu hadi Ijumaa. Ya sita haina siku. Ibebe gauni lisilohitaji pasi, lisilo na zipu, la rangi ya giza, linaloingia kichwani kwa mkono mmoja. Ni la asubuhi ile umeshatoka mlangoni, mkoba begani, na mtoto anakukumbatia kwa mikono yenye uji. Langu ni jeusi, la kitambaa cha jezi, na mwezi huu limeshatoka mara tatu.