Draiva ya diski: namna ya kutaja kikomo cha kweli

Mambo bandugu. Mimi niko hapa Goma, na wiki mbili nzima nilitafuta kosa kwenye kebo, kwenye diski, hata nikasema ni umeme, faili zinaharibika mara moja moja tu, kumbe ni namba moja niliyoandika vibaya kwenye draiva (programu inayoendesha diski): kikomo cha data inayopita kwa safari moja. Sitaki mwingine apoteze siku hizo.

Fikirieni chukudu (baiskeli ya mbao ya mizigo) inayoshuka na viazi toka Kibumba. Mwenyewe akikuambia inabeba magunia 6 na kweli inabeba 5, utapakia 6. Kerneli (kiini cha Linux) nayo iko hivyo, inaamini kile draiva inasema, haiendi kupima.

Hatua 1. Fungua datashiti (karatasi ya maelezo) ya chipu inayoongoza diski, uhesabu deskripta, yaani nafasi ambamo chipu inaambiwa kila kipande cha data kiko wapi kwenye memori. Yangu iko na 16, kila moja inashika ukurasa mmoja wa memori wa 4 KB.

Hatua 2, na hapa ndipo nilianguka. 16 mara 4 ni 64 KB, nikaandika 64. Lakini data haianzii kila mara mwanzo wa ukurasa, ikianzia kwenye baiti ya 512 basi hizo 64 KB zinagusa kurasa 17, na ya 17 haina deskripta, kipande cha mwisho kinapotea kimyakimya. Toa ukurasa mmoja: 15 mara 4, useme 60 KB.

Hatua 3. Kwenye Linux kikomo hicho kinaitwa max_hw_sectors, na inahesabiwa kwa sekta za baiti 512, hata kama diski yako ni ya sekta za 4096. Kwa hiyo 60 KB ni 120. Ukiandika 15 (ukihesabu kwa sekta za 4096) diski itafanya kazi, ila polepole sana.

Hatua 4. Hakikisha:
cat /sys/block/sda/queue/max_hw_sectors_kb
Lazima uone 60.

MASWALI

Wa Himbi: Kaka, si inatosha kutaja saizi tu?
— Hapana ndugu yangu, weka na max_segments (kikomo cha idadi ya vipande) 16. Vipande 20 vya baiti 512 ni 10 KB tu, lakini deskripta zako zimeshaisha.

Wa Katindo: Mwalimu, na diski za NVMe (SSD za kasi)? Kikomo chake naona kinaitwa mdts, kimeandikwa 5, ni 5 ya nini?
— Ni kipeo cha 2, dada. 2 kwa kipeo cha 5 ni kurasa 32, na ukurasa mdogo kabisa wa kontrola (chipu inayoongoza diski) ukiwa 4 KB inakuwa 128 KB. Ukiona 0 usiogope, maana yake kontrola haina kikomo.

Wa Majengo: Flashi yangu inakwama nikikopi video kubwa, na draiva si mimi niliandika.
— Angalia /sys/block/sda/device/max_sectors (kama flashi yako ndiyo sda), mara nyingi utakuta 240, yaani 120 KB. Ingia kama root uandike 64 humo, kisha kopi tena ile video. Ikipita, flashi yenyewe ndiyo haiwezi mzigo mkubwa, na ukiichomoa utaandika upya.