Bunduki mpya imeanza kusumbua? Mambo ya kuzingatia kabla hujairudisha kwa waranti

Bunduki mpya ikianza kugoma hasira inapanda haraka, na hasira hiyo ndo inafanya watu wafungue skrubu ambazo hawakutakiwa kuzigusa, kwahiyo cha kwanza kabisa ni kutulia. Ukivuta triga ikalia tik bila mlipuko usikimbilie kufungua bolti (kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma), acha mtutu uelekee kwenye shabaha vilevile na uhesabu angalau sekunde 30, maana kuna risasi zinachelewa kuwaka na ikiwaka wakati bolti iko nusu wazi inakuumiza wewe. Mlio ukitoka dhaifu kuliko kawaida, au teke la begani likawa jepesi ajabu, simama hapohapo, toa risasi zote, uhakikishe kwa macho kwamba hakuna kichwa cha risasi kilichokwama ndani ya mtutu, kwasababu kupiga nyingine juu yake ndo mitutu inavyopasuka.

Kuna hitilafu mbili hazina habari ya "ngoja nijaribu moja tena". Moja ni bunduki kufyatuka yenyewe ukitoa sefti au ukifunga bolti. Ya pili ni maganda yanayotoka yamepasuka, au yana mstari unaong'aa umezunguka ganda zima juu kidogo ya kitako chake. Huo mstari maana yake ganda linavutika linataka kukatika, na kwa bunduki mpya mara nyingi ni kwamba nafasi kati ya bolti na chemba, yaani sehemu ya mtutu risasi inapokaa, imezidi kipimo. Hapo usipige tena hata kwa ajili ya kupata video ya ushahidi, kampuni yoyote ya maana itakuelewa ukiwaambia umeacha kwa sababu za usalama. Halafu angalia kama namba ya siriali ya bunduki yako iko kwenye tangazo la kampuni la kurudisha bunduki zenye kasoro, maana ikiwemo hiyo kesi inashughulikiwa kivyake na huna haja ya kubishana kuhusu waranti.

Kwa matatizo mengine yote swali la kwanza utakaloulizwa ni una uhakika gani kwamba ni bunduki. Ni swali la haki, jiulize mwenyewe kabla hawajakuuliza. Bunduki mpya nyingi zinatoka kiwandani zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu, na mafuta hayo yakiganda ndani ya bolti pini ya kupigia inakuwa nzito, hasa kwenye baridi, basi risasi haziwaki na mtu anasema spring mbovu. Soma kitabu kilichokuja nayo, isafishe kama kilivyoelekeza, kisha kagua skrubu zinazoshika chuma cha bunduki kwenye kitako chake cha mbao au plastiki na zile za kushikia darubini, zikaze kwa kipimo kilichoandikwa na sio kwa nguvu za mkono tu. Kama shida ni shabaha, funga darubini nyingine ambayo unajua iko salama, maana darubini mbovu au kishikio kilicholegea kinazaa tatizo linalofanana kabisa na mtutu mbovu. Kama inajamu, jaribu magazini nyingine, na hizo magazini uziwekee alama ili ujue ipi inakorofisha. Jaribu pia aina mbili tatu za risasi za kiwandani. Za kiwandani nasisitiza, kwasababu karatasi nyingi za waranti zinasema wazi kwamba ukitumia risasi ulizojaza upya mwenyewe waranti inakufa, ziwe nzuri namna gani.

Usafi na kukaza skrubu kwa mujibu wa kitabu, kazi yako inaishia hapo. Kusugua chemba, kukata spring ya triga, kubadilisha triga yenyewe, kupeleka kwa fundi wa mtaani "aiangalie tu", hivyo vyote vinampa mtengenezaji sababu ya kusema bunduki imechezewa, na kusema kweli huna cha kumjibu maana hakuna tena wa kuthibitisha kasoro ilianzia kiwandani. Nawaonea huruma sana watu waliokuwa na haki yao wakaipoteza kwa faili na msasa.

Sasa ushahidi, na hapa ndo ningependa mtu atumie muda mwingi kuliko pengine popote. Usitupe maganda. Chukua ganda ambalo halikuwaka na ambalo liliwaka, yaweke pembeni kwa pembeni kwenye mwanga wa ubavuni uangalie fataki, yaani kile kiduara katikati ya kitako cha ganda. Lililowaka vizuri lina shimo lililozama vizuri katikati. Lisilowaka kama lina kidoa tu cha juujuu, pini haigongi kwa nguvu, na kama shimo limezama lakini liko pembeni, kuna kitu hakijakaa sawa. Kama shimo ni zuri na katikati ila risasi haikuwaka, kuna uwezekano mkubwa tatizo ni risasi na sio bunduki, na hiyo imekuokoa safari. Piga picha hivyohivyo viwili kwa pamoja, picha ya ganda moja haimwambii fundi wa kiwandani chochote. Kwa ganda linalogoma kutoka piga picha ukingo wake, ukiona umetafunwa ujue kidole cha kuvutia ganda kimeteleza. Piga na boksi la risasi upande wenye namba ya toleo, na utunze risasi chache za toleo hilohilo kwa ajili ya baadae.

Kwenye shabaha ni ngumu kidogo. Soma kampuni iliahidi nini hasa, kuna wanaoahidi risasi 3 ndani ya MOA 1 (kipimo cha pembe cha kupimia mtawanyiko wa risasi), ambayo kwa mita 100 ni duara la kama milimita 29, na huwa wanaongeza kwamba ni kwa risasi nzuri. Wengine hawaahidi chochote, na kwa hao kulalamika tu kwamba haipigi vizuri hakukufikishi mbali. Piga ukiwa umeegemeza bunduki kwenye meza, makundi kadhaa na sio moja baya ulilolichagua, andika kwenye kila karatasi umbali na aina ya risasi, na zihifadhi zote.

Ukishapata hivyo andika barua pepe, usitegemee simu peke yake, na andika kama mtu anayetoa ripoti: modeli, namba ya siriali, tarehe ya kununua, risiti, imepigwa risasi ngapi, kati ya hizo ngapi zimegoma, ulishafanya nini kuitatua. "Kati ya risasi 40 zimegoma 7, magazini zote mbili, aina mbili za risasi" inafanya kazi kuliko kurasa tatu za malalamiko. Uliza nani analipa usafiri, wanakadiria wiki ngapi, na je waranti ni ya mnunuzi wa kwanza tu. Kumbuka pia waranti ya mtengenezaji na wajibu wa muuzaji ni vitu viwili tofauti, ndani ya Umoja wa Ulaya kwa mfano muuzaji mwenyewe anawajibika kwa miaka 2 kwa kasoro iliyokuwepo tangu siku ya kuuza, kwahiyo muuzaji akikwambia "andikia kiwanda" sio lazima iwe mwisho wa maneno.

Usipeleke popote kabla hujajua sheria ya kuisafirisha. Marekani sheria ya shirikisho inamruhusu mtu binafsi kuituma kwa mtengenezaji au fundi mwenye leseni hata jimbo jingine na kurudishiwa moja kwa moja, lakini nchi nyingi lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni au uwe na kibali cha polisi, na ikivuka mpaka kuna vibali vya kutoa na kuingiza ambavyo vinaweza kuchukua muda kuliko matengenezo yenyewe, kwahiyo uliza kwanza kama kuna wakala wa matengenezo humohumo nchini. Na pata maandishi yanayoonyesha bunduki iko kwa nani, usije ukaulizwa iko wapi ukabaki unaeleza kwa mdomo.

Kufunga sio kazi kubwa: hakikisha haina risasi, angalia tena, toa darubini, mkanda na miguu ya kuegemeza bunduki, acha magazini tu kama wameiomba, na usiweke hata risasi moja kwenye boksi hilo. Piga picha pande zote, mikwaruzo ikitokea njiani utakuwa na cha kuonyesha. Kata bima ya thamani kamili.

Ikirudi dai karatasi inayosema wamekuta nini na wamebadilisha nini, "imekaguliwa iko sawa" bila maelezo irudishe kwao kwa maswali. Linganisha namba ya siriali kabla hujasaini kupokea, maana wakibadilisha bunduki nzima au sehemu yenye namba, leseni yako inaweza kuwa inataja chuma ambacho huna tena, na hilo linarekebishwa na mamlaka ya leseni kabla hujaibeba kwenda popote. Nchi zinazofuata mfumo wa C.I.P., ile tume ya kimataifa ya upimaji wa usalama wa bunduki, mtutu au bolti mpya inatakiwa ipimwe upya na kugongwa muhuri, angalia kama upo. Kisha ijaribu kwa zile risasi ulizotunza, magazini zilezile, umbali uleule. Ikigoma kwa namna ileile waandikie siku hiyohiyo kwenye barua pepe ileile ya mwanzo, na safari hii omba ubadilishiwe au urudishiwe pesa.